Mkuu wa Mudugudu Hahamii Kinyinya

“Nani anaongeza jina lingine?” afisa wa uchaguzi aliuliza. “Jina la pili, tafadhali. Mzee Kubwimana hawezi kushindana na kivuli chake.”

Watu wakacheka. Uwanja wa shule ya msingi ulikuwa umejaa, Jumamosi asubuhi, na jua la Gisozi, mtaa wetu wa Kigali, lilikuwa bado na adabu. Mimi sikuwa mpiga kura pale. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa darasa la pili, mikono mfukoni, namsubiri mchumba wangu Aneth amalize uchaguzi wao twende zetu mtaa wa Kinyinya kupima mapazia ya nyumba yetu.

Mkono mmoja ukanyooka katikati ya watu.

“Mimi namtaja Aneth.”

Nikageuka kuangalia nani huyo mwenye wazimu. Alikuwa Shangazi Febronia. Shangazi yake Aneth, aliyemlea tangu ana miaka minne kule Karagwe, aliyekuja naye Rwanda, na ambaye wiki mbili kabla alikula pilau yetu ya kupanga tarehe ya harusi na akalamba vidole.

“Aneth yuko wapi?” afisa akauliza. “Dada, umetajwa. Unakubali?”

Aneth alisimama. Kabla hajajibu alinitafuta kwa macho mpaka akanipata pale ukutani. Nikatikisa kichwa, kidogo tu, asione mtu mwingine. Yeye aliona. Najua aliona kwa sababu alimeza mate.

“Nakubali,” akasema.

Jamani, niliibana ile futi ya kupimia mapazia iliyokuwa mfukoni.

Pale kwao uchaguzi wa mudugudu, yaani kitongoji, hauna karatasi wala sanduku. Wagombea wanasimama mbele, uso wameuelekeza ukutani, na wananchi wanajipanga foleni nyuma ya yule wanayemtaka. Vichwa vinahesabiwa, basi. Mgombea haruhusiwi kugeuka mpaka hesabu iishe. Kwa hiyo Aneth hakuona kilichokuwa kinatokea mgongoni kwake. Mimi niliona. Niliona kina mama wa sokoni wakikokotana, mafundi wenzangu wa mbao, vijana wa pikipiki na kofia zao mkononi, wazee wawili wenye fimbo. Foleni ya Mzee Kubwimana ilifika mlango wa darasa la nne ikaishia pale. Ya Aneth ilikata kona.

Sitini na moja kwa tisini na nne.

“Hongera, mkuu wa mudugudu,” afisa akamwambia. “Kumbuka sharti. Kiongozi anakaa humu humu kwa miaka mitano ya muhula. Akihama tu, nafasi iko wazi.”

Aneth aligeuka, akaiona ile foleni, akaweka mkono mdomoni. Kila mtu alipiga makofi isipokuwa mimi.

*

Tulipofika getini kwa shangazi yake sikungoja hata afungue mlango.

“Uliniona nikitikisa kichwa?”

“Nilikuona.”

“Na bado ukakubali.”

“Na bado nikakubali.”

“Aneth, harusi ni Januari. Nyumba iko Kinyinya. Umemsikia yule afisa?”

“Nimemsikia. Nilisimama karibu naye kuliko wewe.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo sijui, Gatera.” Macho yake yalikuwa yanang’aa na mimi nilikuwa nayaonea wivu. “Maisha yangu yote watu hawajawahi kusimama nyuma yangu. Niache leo nifurahi. Kesho tutagombana vizuri, nakuahidi.”

Mwanamume mwenye akili angemwacha. Mimi nilikuwa nimejenga miaka mitatu, tofali kwa tofali, nikitoka karakana yangu ya Agakiriro, soko la mafundi la Gisozi, nimechoka, napanda Kinyinya kumwagilia saruji. Milango yote sita nilichonga kwa mikono yangu.

“Basi olewa na hao watu tisini na nne,” nikamwambia.

Akachomeka ufunguo getini. Aneth akinyamaza ni hatari, afadhali atukane.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Haya. Mapazia kapime mwenyewe.”

Akaingia ndani. Hakubamiza geti, alilirudisha taratibu tu, na mimi nikabaki nje nimeshika futi ya kupimia.

*

Jumapili nilimwandikia: “Umeamkaje?”

Alama mbili za bluu. Jibu hakuna.

Jumatatu: “Mpenzi, nisamehe kwa lile neno.”

Bluu tena.

Jumanne yeye akaniandikia: “Makochi ya mteja wa Gatsata yako tayari. Tuma mtu ayachukue.”

Tuma mtu. Mimi nachonga fremu za makochi, yeye anashona vitambaa vyake, na kutoka meza yangu hadi cherehani yake ni hatua arobaini. Ndivyo tulivyojuana: nilimpelekea kochi bovu akalirudisha na kasoro kumi na moja ameziandika kwa chaki. Sisi tuliokulia Tanzania tukikutana Kigali, Kiswahili kinatuunganisha haraka. Yeye wa Karagwe, mimi wa Ngara, wiki ya pili nilikuwa tayari nakula kwa shangazi yake. Leo anataka nitume mtu.

Benon, mchomeleaji tunayepakana naye, Mganda asiyeweza kukaa na neno tumboni, aliniona nayabeba mwenyewe makochi ya watu.

“Mume wa mwenyekiti, habari ya leo?”

“Benon, niache.”

“Mimi nauliza tu. Kwani sasa ni wewe utaolewa, ama namna gani?”

“Nimesema niache.”

“Kwetu mtu akihamia kwa mwanamke, wanamnunulia aproni.” Akashusha miwani yake ya kuchomelea, akaendelea na kazi huku mabega yanacheka.

Niwe mkweli, lilinichoma. Nilijua watu watasema hivyo hivyo. Mwanamume akihamia upande wa mke, hata awe na gari, mtaa una jina lake.

Alhamisi nikashindwa, nikapiga simu.

“Aneth.”

“Niko kwenye kikao.”

“Kikao gani saa nane mchana?”

“Jirani amejenga ukuta juu ya mtaro, maji yanaingia sebuleni kwa mwenzake. Wako hapa wote wawili, na wake zao. Nitakupigia.”

Nyuma yake nilisikia mwanamke anafoka kwa Kinyarwanda, kisha sauti ya Aneth, ya upole, kisha watu wote wanacheka. Hakunipigia. Saa kumi na moja uvumilivu ukaniishia, nikamwandikia ujumbe ambao laiti ningejikata vidole kabla haujatoka.

“Chagua. Nyumba au mudugudu.”

Jibu lilikuja baada ya saa nzima.

“Nyumba ya nani, Gatera?”

“Yetu.”

“Uliniuliza lini?”

Nilisoma neno hilo mara nne. Kwanza nilikasirika. Nikajiambia huyu mtu hana shukrani hata chembe. Nikaandika majibu matatu, nikayafuta yote matatu.

*

Ijumaa asubuhi Shangazi Febronia aliingia karakana kwangu amevaa kitenge cha kanisani. Akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, juu ya mikanda, akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Zima hiyo mashine. Nimekuja kuungama na sitaki kupiga kelele.”

Nikazima.

“Ni mimi niliyekuharibia,” akasema.

“Kumtaja si kosa. Angeweza kukataa.”

“Sikiliza kwanza. Lile sharti la kukaa mudugudu miaka mitano nililijua. Nililijua kabla ya afisa kulisema. Nikahesabu kwa vidole kitandani: akichaguliwa huyu, haendi popote. Nikasema kuoana waoane, Mungu awabariki, lakini Kinyinya hawaendi.”

Nilikaa kwenye kigogo. Nilitaka kupandisha hasira, ila ukimwangalia yule mama na mkoba wake hasira haishiki.

“Shangazi, Kinyinya si Ulaya. Ni dakika ishirini kwa pikipiki.”

“Kwa magoti yako. Kwa haya yangu ni safari ya kuomba pasipoti.” Akafuta pua. “Miaka ishirini na nane kila asubuhi yule mtoto ananiuliza, ‘Shangazi, umelala salama?’ Hata tukiwa tumegombana, ananiuliza kwa kununa. Akienda, nani ataniuliza? Redio?”

“Ungesema tu.”

“Ningesemaje? Mnapanga harusi mnacheka, mimi niseme naogopa kubaki peke yangu? Mtu mzima ana haya.”

Benon alikuwa amesimamisha kazi upande wa pili, anasikiliza bila aibu. Shangazi hakumjali.

“Nimekuja na dawa,” akaendelea. “Nitasimama mbele ya mkutano niseme nilifanya hila. Aneth ajiuzulu, Mzee Kubwimana arudi kwenye kiti chake, nyinyi mwende Kinyinya. Mimi nitazoea.”

“Yeye anajua haya yote?”

“Nilimwambia jana jioni. Alinikasirikia, hakula. Asubuhi ameniuliza kama nimelala, kwa kununa. Kisha akaniambia: ‘Shangazi, hila ni yako, lakini nakubali niliisema mimi. Usijiuzulu kwa niaba yangu.’”

Nilikuwa nimefikiri Aneth alisombwa na watu, au alimwonea haya shangazi yake. Kumbe alitaka.

“Anaipenda hiyo kazi?” nikauliza.

“Gatera, anaimba akipiga pasi. Sijamsikia akiimba tangu tuhame Tanzania.”

Neno hilo liliniingia. Kinyinya nilimpeleka mara saba. Alipima madirisha, akasifu milango, akasema sebule ina mwanga. Kuimba hakuimba. Nilimuuliza rangi ya milango, nilimuuliza sinki la jikoni likae upande gani. Kiwanja nilikinunua kabla sijamjua, na baada ya kumjua sikuona kwamba kuna kitu cha kuuliza. Mke anakwenda kwa mume, imekwisha hiyo.

“Shangazi, aliwahi kukwambia anaipenda Kinyinya?”

“Alisema nyumba ni nzuri sana.”

“Mimi nimeuliza Kinyinya.”

Shangazi akaangalia viatu vyake.

“Nenda nyumbani, Shangazi,” nikamwambia. “Usiseme kitu kwenye mkutano wowote. Na umekula?”

Akaanza kulia hapo hapo. Ikabidi Benon alete chai.

*

Nilimpigia mama yangu aliyeko Nyagatare. Huyo ndiye niliyemwogopa kuliko mtaa mzima.

“Shikamoo, mama. Nataka kuhamia Gisozi.”

“Kwa mke?”

“Karibu na mke. Nitapanga nyumba yangu mwenyewe.”

“Na ile ya Kinyinya?”

“Nitaipangisha. Yeye kazi yake iko Gisozi, na yangu pia. Mimi ndiye nilikuwa napanda mlima kila siku bila sababu.”

“Watasema umeolewa.”

“Waseme.”

Mama akaguna.

“Huyo shangazi yake,” mama akasema mwishowe, “anapika vizuri?”

“Anapika, mama.”

“Haya. Wewe ulikuwa umekonda tangu uanze kujenga.”

Jumamosi nikashuka mudugudu wa Aneth kutafuta nyumba. Nilizunguka tangu saa mbili, hakuna. Iliyopatikana ilikuwa moja tu, vyumba vitatu na ua mdogo, geti la tatu kutoka kwa shangazi. Mwenye nyumba? Mzee Kubwimana, yule yule aliyeangushwa.

Alinifungulia akiwa na kandambili. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu, akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

“Wewe iko ule bwana wa Aneth.”

“Ndiye mimi, mzee.”

“Mchumba yako alinipiga kwa foleni, sasa mimi nikupe nyumba?”

“Kama mzee atapenda.”

Akacheka mpaka akashika kizingiti. “Miaka kumi watu walikuwa nagonga mlango yangu, saa yote. Kuku imepotea, bibi iko nakasirika, mtaro imeziba. Wiki hii nimelala kama mtoto. Ule msichana alinisaidia sana. Nyumba iko, chukua. Wewe iko na mke?”

“Iko njiani, mzee.”

“Sawa. Lakini mgeni anaandikwa kwa daftari ya mudugudu. Mimi si mkuu tena. Wende kwa yeye.”

*

Jumapili baada ya kanisa Aneth alikuwa anapokea wananchi uani kwa shangazi yake. Meza ndogo, daftari kubwa, kalamu mbili. Watu kama kumi hivi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi. Nikakaa wa mwisho. Shangazi aliniona kutoka jikoni, akarudi ndani haraka, kisha nikaona pazia la dirisha linasogea.

Wa kwanza alitaka barua. Wa pili alishtaki mbuzi. Waliomaliza shida zao hawakuondoka, walirudi kukaa benchi. Mama mmoja aliyebeba kapu la viazi alikuja nyuma yangu, akanitazama, akatabasamu, akampiga kiwiko mwenzake. Siri katika mudugudu haina maisha marefu.

“Anayefuata,” Aneth akasema bila kuinua kichwa.

“Ni mimi.”

Kalamu ikasimama. Aliinua macho, na nikaona jinsi alivyokuwa amelala vibaya wiki nzima, kama mimi.

“Nikusaidie nini, mwananchi?”

“Nimehamia. Nimekuja kuandikishwa.”

“Jina.”

“Unalijua.”

“Jina, mwananchi. Kuna watu nyuma yako.”

“Gatera.”

Akaandika.

“Umetoka wapi?”

“Kinyinya.”

“Huna nyumba Kinyinya?”

“Ninayo. Ina mpangaji. Mwalimu na watoto wake watatu, wanaingia kesho.”

Aliandika, akakata, akaandika tena.

“Na hapa unakaa kwa nani?”

“Kwa Mzee Kubwimana.”

Benchi zima likaangua kicheko. Aneth alijaribu kuwakazia macho wananchi wake, akashindwa, akainamia daftari.

“Umepanga kukaa muda gani?”

“Nimesikia muhula ni miaka mitano. Nianze na hiyo.”

“Sababu ya kuhamia?”

Hapo utani ukaniishia. Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri tangu asubuhi, yote yakakimbia.

“Nilijenga nyumba bila kumuuliza mtu,” nikasema. “Nikamtukana mtu huyo siku ambayo alikuwa na furaha kuliko siku zote. Nikamwambia achague. Nimekuja kuomba msamaha, na nimekuja kuuliza.”

Akaweka kalamu chini.

“Uliza.”

“Unataka kukaa wapi, Aneth?”

“Hapa.”

“Na nani?”

Akajifunika uso kwa daftari la mudugudu, mabega yanatingishika. Sikujua analia au anacheka. Nikataka kuzunguka meza nikaogopa, maana kazini kwake ni kazini kwake.

“Mkuu, mjibu kijana,” yule mama wa kapu akasema nyuma yangu. “Sisi tuna viazi vya kuchemsha.”

Daftari likashuka. Alikuwa analia na kucheka vyote pamoja.

“Na wewe, mjinga wewe,” akasema. “Nilikuwa nimeandika barua ya kujiuzulu mara mbili. Mara mbili nimeichana. Nakupenda na nilikuwa siwezi kuitia sahihi.”

“Usiitie.”

“Watakucheka.”

“Wameshaanza. Benon ameniletea aproni.”

“Ya rangi gani?”

“Bluu.”

Watu wakapiga makofi, na safari hii na mimi nilipiga. Aneth akafuta machozi kwa kiganja, akavuta pumzi, akaichukua tena kalamu, kwa sababu ndivyo alivyo, kazi haiachi nusu.

“Mstari wa mwisho. Idadi ya watu ndani ya kaya.”

“Andika wawili.”

“Unakaa peke yako. Mimi sidanganyi daftari la watu. Naandika mmoja, mpaka Januari.”

Akaandika mmoja.

Januari tulioana. Mama alikuja kutoka Nyagatare, akala kwa Shangazi Febronia, akaomba kuongezwa mara mbili, na habari za kuolewa kwangu hakuzigusa tena. Jumatatu baada ya harusi niliamka nikamkuta mke wangu mezani, kanga begani, amelifungua lile daftari kwenye ukurasa wangu. Alikuwa amefuta mmoja. Juu yake ameandika watatu.

“Watatu?” nikauliza. “Mke wangu, hata mimi najua hesabu. Tuko wawili.”

“Chungulia nje.”

Nikachungulia. Shangazi Febronia alikuwa amesimama getini, kitenge cha kanisani, mkoba mkononi, na godoro lake limeegemezwa ukutani kwa Mzee Kubwimana.

“Mmelala salama?” akaniuliza kwa haya.

“Tumelala, Shangazi,” nikamwambia, nikatoka kwenda kulipokea godoro.